Nilisoma kwa Karatasi za Marehemu

Nafundisha darasa la tatu la msingi hapa Mubi, na kila asubuhi watoto wanasimama kunisalimia kwa jina ambalo si langu. Ni jina la msichana aliyekufa kabla sijafika katika mji huu. Sikuwahi kumwona. Najua alama zake za hesabu, najua hakupenda samaki wa kukaushwa, na najua siku aliyozaliwa kwa sababu ndiyo siku yangu sasa katika kila karatasi ya serikali. Jina lake sitaliandika hapa, na langu sitaliandika pia.

Nikisimulia habari hii wapo wanaonikatiza haraka: kwa nini hukusema tu ukweli? Hao nawajua. Ni watu ambao hawajawahi kuishi kwa watu, wakaomba chumvi kwa sauti ya chini na kucheka utani usiochekesha kwa sababu aliyeutoa ndiye mwenye nyumba. Wakae kimya kidogo, nitawaeleza.

Kwetu ni Bihambwe, huko Masisi, mashariki ya Kongo. Babu wa babu yangu alilima kilima kilekile alicholima baba yangu mpaka alipofariki, na baada yake mama yangu akaendelea kukilima. Vita vilipofika upande wetu, kila mtu alipata muda wa kubeba kitu kimoja. Mimi nilibeba sufuria. Mama yangu alibeba mbegu za maharagwe, nusu gunia. Buletini zangu za shule, zile karatasi za matokeo zenye muhuri, zilibaki ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na kadi yangu ya ubatizo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimebakiza madarasa mawili tu nipate diploma ya ualimu, nami nikamwacha mama yangu apite mlangoni na maharagwe bila kumwambia neno. Mkulima wa Masisi akikimbia anakimbia na mbegu, kwa maana anajua kwamba popote atakapofika kuna udongo. Hatukujua kwamba popote utakapofika kuna karani kwanza. Hilo tulilijua baadaye.

Njia ya Sake ilikuwa imefungwa. Waliojaribu kushuka mpaka Shasha kando ya ziwa walikutana na watu wa Shasha wakipanda kukimbilia kwetu. Sisi tukashika upande wa Nyabiondo, tukatembea siku ambazo niliacha kuzihesabu, tukaingia msitu wa Walikale. Mtu wa vilima akiingia msituni anakosa pumzi. Kwetu ukisimama mlangoni unaona mashamba ya vijiji vitatu. Huku unaona miti, na nyuma ya miti kuna miti. Mvua inanyesha mpaka nguo zinanuka mwilini. Mbegu za mama yangu ziliota ukungu ndani ya gunia kabla ya kuliona shamba lolote, nami nikacheka. Mama yangu hakucheka. Nilistahili kofi siku ile, na sikupewa.

Mubi ni mji wa barabara: maduka, pikipiki, malori ya kwenda na kutoka machimboni. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza mafuta ya mawese mbele ya nyumba yake ya mbao, na mama yangu akamwomba maji. Tulipewa maji, kisha ndizi, kisha mkeka. Huyo ndiye nitakayemwita Mama mwenyeji. Siku ya tatu alimpa mama yangu jembe huku akicheka.

"Banasemaka mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Shika, mama."

Alikuwa na utani wake, na alikuwa mpweke. Mume wake aliishi machimboni na alirudi kwa nadra. Mtoto wao wa pekee, msichana wa umri wangu, alikuwa amekufa kwa homa miezi michache nyuma, katika kijiji chao ndani ya msitu. Baada ya mazishi Mama mwenyeji alishindwa kuiangalia nyumba ile, akaja kupanga Mubi ambako hakuna aliyemfahamu. Majirani walijua tu kwamba ni mama wa watu, anauza mafuta. Hakuwaambia zaidi, na sisi alituambia tu kwamba mtoto "hayuko tena".

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa prefe, ndiye mkuu wa sekondari. Nilimweleza nilipofikia katika masomo. Alinisikiliza vizuri, kisha akanyoosha mkono kama mtu anayengoja kupewa kitu.

"Buletini iko wapi?"

"Ilibaki Bihambwe, Papa Prefe."

"Na mimi nitajua aje kama ulisoma?"

"Uniulize."

"Hapa hatuulizake bantu. Tunaangaliaka karatasi. Kama haiko, nakuweka miaka mbili nyuma, pamoja na batoto. Ao ulete karatasi, unaingia kwa darasa yako."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Miaka miwili nyuma maana yake ni miaka minne mpaka diploma, na kwa mkimbizi miaka minne ni hadithi, kwa sababu hajui hata mwezi ujao atalala wapi. Mama yangu alisema niache, nilime. Mama mwenyeji aliinuka. Aliingia ndani, akarudi na furushi lililofungwa kwa kitenge, akanisimamisha wima na kunipima mabega kwa macho.

Kwao vitu vya marehemu havikai bure. Matanga yakiisha, nguo zake na mkeka wake hupewa mtu wa rika lake, naye akivaa, marehemu anapumzika na wazazi wanapumua. Yeye alikuwa amehama kabla ya kumpata wa kumpa, na furushi lilikuwa limemkalia rohoni. Alilifungua mbele yetu. Kulikuwa na sketi ya bluu ya shule, blauzi mbili nyeupe, viatu na sweta. Vyote vilinienea kana kwamba fundi alinipima mimi. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake buletini za msichana yule mpaka darasa lilelile nililofikia mimi, na cheti chake cha kuzaliwa.

"Na hii pia ilikuwa yake," akasema. "Inakuenea."

Naapa hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba tunadanganya. Kwake karatasi zilikuwa sehemu ya nguo. Mtu hagawi sketi akabaki na mfuko wake. Mama yangu alipiga magoti akashukuru, nami nikapiga magoti.

Kifo cha yule msichana hakikuandikwa popote. Kwetu Masisi pia hakiandikwi. Mtu akifa tunalia, tunazika, tunakaa matanga, tunarudi shambani. Nani atembee siku mbili kwenda kumwambia karani kwamba mtoto wake amekufa? Kwa hiyo kwa serikali yule msichana alikuwa mzima. Na mimi, ambaye wazazi wangu hawakuwahi kuniandikisha, nilikuwa bado sijazaliwa.

Prefe alizisoma buletini, akatikisa kichwa kwa furaha. "Sasa njo tunasikilizana," akasema, yaani sasa ndipo tunaelewana. Hakuniuliza kwa nini juzi nilisema zilibaki Bihambwe. Karatasi ilikuwa mezani, ina muhuri, basi. Jumatatu mwalimu alisoma orodha ya darasa, jina likaitwa, darasa likanyamaza, likaitwa tena, ndipo nikakumbuka kwamba ni mimi. Niliitika. Wasichana wa dawati la nyuma walicheka wakisema mgeni huyu ana masikio mazito.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nasema aliyesema hivyo hakuwahi kusoma sekondari, kwa sababu yangu ilikuwa na urefu wa miaka miwili, na kila siku ilizidi kuwa nyembamba. Shuleni nilikuwa yeye. Kanisani nilikuwa yeye, kwa sababu nusu ya wanakwaya walikuwa wanafunzi wenzangu. Sokoni nilikuwa yeye. Majirani walipoona sare na kusikia jina, waliamua wenyewe kwamba mimi ni mtoto wa mwenye nyumba na kwamba mama yangu ni mkimbizi aliyepokelewa kwa huruma. Hatukuwahi kuwaambia hivyo, na hatukuwahi kuwakatalia. Jirani mmoja alinisifu mbele ya mama yangu kwamba nina heshima sana kwa "ile mama deplase", mkimbizi yule, namna ninavyombebea maji.

Mama mwenyeji naye alianza kubadilika, pole pole. Kwanza alikuwa akiniita kwa jina lile mbele ya watu tu. Baadaye akaniita hivyo hata tukiwa watatu. Siku moja nilipokea sahani yenye samaki wa kukaushwa, akaichukua mikononi mwangu, akanipa sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo, akasema, "Wewe hupendake ile." Napenda samaki wa kukaushwa. Ni chakula nilichokipenda tangu utotoni, Baba alipokuwa akituletea kutoka Shasha. Nikala sombe, nikasema aksanti.

Mume wake alirudi mara mbili katika miaka ile. Mara ya kwanza alinikuta uani nimevaa sketi ya bluu nikifua. Alisimama na mzigo wake begani, akaniangalia mpaka nikaona haya, halafu akaingia ndani akanyamaza siku zote alizokaa. Mara ya pili aliniletea kalamu mbili, akaziweka juu ya kiti bila kunitazama.

Mama yangu aliniita jina langu shambani tu, tukiwa peke yetu kati ya mihogo. Nilipenda kwenda shamba kwa sababu hiyo peke yake, mimi ambaye nilikuwa mvivu wa jembe toka zamani. Halafu siku moja alikuwa mbele yangu, mvua inakuja, akageuka akaniita niharakishe. Aliniita kwa jina la marehemu. Hakulisikia lilivyomtoka. Aliendelea kutembea na kikapu chake, nami nikabaki nimesimama kwenye matope, nikihisi kwamba kuna mtu amefunga mlango wa mwisho na ufunguo kaondoka nao. Sijamwambia mpaka leo.

Mwaka wa mwisho, wiki ambayo shule ilikuwa ikiandika watahiniwa wa mtihani wa taifa, ule tunaouita egzeta, shirika moja lilileta avoka, yaani wakili, kuwafundisha wakimbizi haki zao. Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa. Nilimsindikiza mama yangu kwa sababu nilisikia watagawa sabuni, na kweli waligawa. Avoka alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza sokoni, amevaa buti za mpira zilizojaa matope. Alisema mengi kuhusu ardhi na kadi. Kisha akasema hili:

"Mutoto deplase iko na haki ya kusoma. Kama karatasi ilibaki kwa vita, shule haiwezi kumukatala. Inamupima, inaona iko kwa darasa gani, inamupatia nafasi yake. Kwa jina yake. Ile iko sheria, haiko huruma ya prefe."

Mzee mmoja aliuliza, "Na kama prefe anakatala?"

"Unaniita mimi. Ao unaenda kwa enspekteri wa mashule. Barua moja tu."

Barua moja. Nilitaka kumpiga. Hakuwa na kosa, ila ndiye aliyekuwa mbele yangu, na sheria yake ilikuwa imekaa mahali fulani miaka miwili yote ikinywa chai wakati mimi naitika jina la maiti. Haki inayokuja baada ya kukusubirisha hivyo inauma kuliko kunyimwa. Ungeninyima tu ningezoea.

Watu walipotawanyika na sabuni zao, nilimfuata nje alikokuwa akisugua buti kwenye ngazi.

"Avoka, niko na rafiki yangu mumoja..."

"Rafiki yako iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na yeye pia mikono yake inatetemekaka vile?"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kuandika kitu. Alisema jambo langu lina njia, lakini njia yenyewe ina miiba. Jaji anaweza kutoa hukumu kwamba nilizaliwa, nikapata jina langu. Lakini kabla ya jaji kuna prefe, na kabla ya prefe kuna Mama mwenyeji. Yeye lazima aende kwa prefe na kusema kwa kinywa chake kwamba mtoto wake alikufa, na kwamba aliyekaa darasani ni mwingine. Hapo orodha ingeweza kurekebishwa, na jambo lipelekwe kwa enspekteri.

"Na mwaka yangu?"

"Pengine watakuachia. Pengine watafuta miaka zote mbili. Siwezi kukuahidi."

"Na ile mama, watamufunga?"

"Nitamutetea. Lakini ile pia siwezi kukuahidi." Alinitazama vizuri. "Lisiti, ile orodha ya egzeta, inafungwa Ijumaa. Kama unasaini ile jina, diploma inatoka na ile jina, na kazi, na mushahara, na batoto yako. Kuigeuza nyuma ya pale itakuwa nguvu sana."

Ilikuwa Jumatano. Nilirudi nikawakuta wote wawili uani wanamenya mihogo, beseni moja katikati yao. Nikakaa kwenye kinu kilicholala na kusema kila kitu kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua nikinyamaza katikati sitaendelea.

Mama yangu ndiye aliyekasirika. "Unataka batufukuze? Karatasi iko karatasi tu. Utakula diploma, hautakula jina. Huyu mama alikuvalisha, akakulisha, leo unataka kumupeleka kwa bapolisi?"

"Nataka jina yangu, mama."

"Jina yako ninaijua mimi."

"Hata wewe..." nilianza, nikameza maneno.

Mama mwenyeji aliendelea kumenya. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akauosha, akauweka kwenye beseni pamoja na mingine. "Miaka mbili na kitu," akasema, "ile neno, alikufa, sijaisemaka kwa muntu. Nilisema tu siku ya kuzika, kwa kulia." Alifuta kisu kwenye kitenge chake. "Mutoto iko na haki. Tutaenda kesho."

Ningefurahi kama angenikatalia. Ningempigia kelele, ningemwita mchawi anayekula jina la mtoto wa mwenzake, na ningeondoka nikiwa na hasira ya kunibeba. Lakini alikubali, na kukubali kwake kulinifunga mikono kuliko kamba.

Alhamisi alivaa kitenge chake cha kanisani na kujifunga kitambaa kichwani. Lori lilikuwa limekwama karibu na shule, watu wanalisukuma, tukapita pembeni tukishika ukuta wa udongo. Prefe alikuwa ofisini na orodha ndefu mezani. Alipotuona alisimama, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi.

"Aa, Mama! Karibu, ikala. Hii mutoto yako iko na akili sana. Kama banapita batano hapa, yeye iko wa kwanza. Atatupatia heshima."

Mama mwenyeji alikaa. Alifungua mdomo. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati na prefe akainama mbele ili amsikie. Niliziona shingo na taya zake zikifanya kazi, kama mtu anayejaribu kumeza kidonge bila maji. Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Nimekuya..." akasema. "Nimekuya kuangalia kama jina ya mutoto yangu baliiandika muzuri."

Prefe aligeuza orodha, akaisogeza kwetu. Mama mwenyeji hajui kusoma sana. Alinigeukia mimi. Machoni mwake hakukuwa na ujanja wowote. Alikuwa ameshindwa tu, na alijua, na alikuwa ananiomba radhi bila kuniambia.

"Nionyeshe," akasema. "Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na zamu yangu. Nilikuwa na mdomo, na sikuwa na mtoto kaburini. Neno lile lingekuwa rahisi kwangu: Papa Prefe, huyo alikufa, mimi ni fulani. Nimelirudia mara nyingi tangu siku ile, nikiwa natembea, nikiwa naandika ubaoni, na kila mara linatoka vizuri, bila kukwama. Siku ile nilinyoosha kidole nikakiweka chini ya jina lake.

"Njo hii?"

"Njo hii."

Alipitisha kidole chake juu ya herufi, taratibu, mpaka mwisho wa mstari, akakirudisha mwanzo akapitisha tena. "Iko muzuri," akasema. Prefe akanipa kalamu. Nikasaini.

Nani wa kulaumiwa? Nimejaribu kumlaumu prefe, na anastahili sehemu yake, na sehemu kubwa. Nimelaumu vita, lakini vita havisikii. Nimemlaumu mama yangu na maharagwe yake. Nikiishiwa na watu najilaumu mimi, na hapo nachoka, naenda kusahihisha madaftari.

Mtihani tuliufanyia Walikale mjini, tukienda kwa pikipiki watatu watatu na kurudi tumechafuka matope mpaka kwenye nyusi. Maswali hayakunitisha. Kilichonitisha ni kile kisanduku cha juu kabisa cha karatasi, mahali pa kuandika jina. Niliandika haraka kila siku, bila kulitazama, nikaenda kwenye swali la kwanza.

Matokeo yalifika kwa simu, mchana, siku ya soko. Msichana mmoja wa darasa langu alikuja akikimbia kutoka kwenye kilima kinachoshika mtandao, akipiga kelele jina lile. Nimefaulu. Na kwetu Kongo ukifaulu egzeta huwezi kujificha, maana watu wanakuja na poda ya watoto, ile nyeupe, wanakumwagia kichwani mpaka unafanana na mtu aliyeanguka ndani ya unga. Mzazi naye anamwagiwa. Kabla sijaosha mikono uwanja ulikuwa umejaa. Wanakwaya walikuja, wauzaji wa soko walikuja, dereva mmoja wa lori alipiga honi bila kujua sababu. Waliimba jina lake. Waliliimba wakaligawa vipande vipande na kulirudia, na Mama mwenyeji alikuwa katikati yao, mweupe kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka mabegani, machozi yakichora mistari kwenye poda. Alikuwa anacheza. Sikuwahi kumwona akicheza. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la mtoto wake, nami nikaitika kwa sauti, kwa sababu siku ile lilikuwa lake yeye, marehemu, kuliko siku zote, na mimi sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Kisha nikamtafuta mama yangu.

Alikuwa kwenye mlango wa jikoni, na beseni la mchele mkononi, akiuchambua mawe kwa ajili ya wageni. Hakuwa na chembe ya poda. Hakuna aliyefikiria kummwagia. Miaka yote ya kubeba vitabu vyangu akilini mwake, ya kuuza viazi vya Bihambwe ili nilipiwe karo, ya kutembea msituni mgongo ukiwa na gunia, na alisimama pale kama mpishi wa kukodi. Nilianza kwenda kwake. Watu walinivuta kunirudisha katikati.

Jirani yule aliyenisifu zamani alimwona, akamwita kwa wema wake wote: "Na wewe, mama deplase! Hapana simama pale peke yako. Kuya umupongeze mama ya mutoto! Si anakuchunga hii miaka yote?"

Mama yangu aliweka beseni chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, mkono mmoja kisha mwingine. Watu walimpisha. Alipita karibu yangu kiasi kwamba poda ya bega langu ilimgusa mkono, na hakuniangalia. Alikwenda mpaka kwa Mama mwenyeji, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama tunavyofanya kwetu mbele ya mtu aliyepata neema.

"Pongezi, mama," akasema. "Ulizaa mutoto wa akili."